Mama, Mkwe Wake na Jiko la Umeme

Nyumba za Wafanyakazi wa Mitambo ya Umeme,
Tabora.
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpenzi Ruth,

Shikamoo sana. Najua ukiona bahasha unaanza kutetemeka kabla hujaifungua, kwa hiyo nakuambia mapema: Mama mzima, mimi mzima, na huyu aliyemo tumboni mzima kabisa, maana leo kanisani alinipiga mateke mahubiri yote mpaka mke wa mchungaji akageuka kunitazama. Basi kaa vizuri, mwite na Baba umsomee. Ila ukifika mahali nitakapotaja choo, paruke.

Ninyi huko Usinge mna hali gani? Kifua cha Baba kimetulia, au bado anakohoa alfajiri na kusema ni vumbi tu? Shemeji amerudi salama kutoka kwenye mizinga yake porini? Hapa kwetu joto limezidi, visima vinatoa tope, na kila mtu anatazama mawingu kama anayemdai. Shemeji yako Yeremia naye anakusalimu. Yupo hapa pembeni ananiambia niandike kwamba amenenepa. Si kweli, lakini nimeandika.

Barua yako niliipata. Umeuliza Mama anarudi lini, maana mvua zinakaribia na shamba lote limekuangukia wewe. Nilimsomea neno kwa neno, wala sikuficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga fundo la kanga yake, akasema, "Ijumaa. Nitapanda treni ya Ijumaa." Dada, niliikunja barua. Sikukuchukia wewe, unayo haki ya kumtaka. Lakini nilijua kuwa si shamba lililomfanya aseme Ijumaa. Barua yako ilimpa njia tu, naye alikuwa anaitafuta njia hiyo tangu siku ile jiko lilipozimika.

Unajua kwa nini niliomba aje. Mwaka jana nilipojifungua hapa, sikuwa na mtu wa kwetu. Majirani walikuwa wema, nesi alikuwa mwema, lakini yule mtoto alipoacha kunyonya nilikuwa nimekaa naye peke yangu na sikujua hata namna ya kumshika. Safari hii naogopa, nakuambia wazi wala sioni aibu. Naogopa nikilala, naogopa nikiamka. Mama akiwa ndani ya nyumba hii, nikimsikia tu anavyoburuta miguu, woga unapungua. Ndiyo maana neno lile "Ijumaa" lilinikata maini.

Sasa nikueleze habari ya jiko, maana ndilo chanzo.

Wakati yule mhandisi wa Kizungu alipomaliza muda wake na kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia Yeremia jiko lake la umeme. Ni zee, zito kama sanduku la bibi harusi, limefungwa ukutani kwa waya mnene, haliondoki mahali pake. Lina sahani mbili za kupikia. Moja ilikwisha kufa hata kabla hatujapewa. Ile nyingine ni ya udongo mgumu uliochomwa, ina mifereji inayozunguka, na ndani ya mifereji umelala waya mwembamba uliosokotwa. Ukibonyeza swichi, waya unaanza kuwa mwekundu taratibu, na hapo unaweza kupika. Yeremia analipenda jiko hili kupita kiasi. Siku za mwanzo wenzake walikuwa wanakuja kulitazama, naye akiwaeleza huku ameshika kiuno, utadhani amelibuni mwenyewe.

Mama alipofika alikuwa amepakata chungu chake mapajani tangu Usinge, kimefungwa ndani ya kanga, pamoja na michembe ya viazi vitamu, karanga, uyoga mkavu na ile asali yako. Alilizunguka jiko mara mbili.

"Moto uko wapi?"

"Humo ndani, Mayu," nikamjibu Mama. "Unabonyeza hapa."

"Na moshi?"

"Halina moshi."

"Basi mchwa watakula paa lenu."

"Paa ni bati, Mayu."

Akaguna. Unaujua ule mguno wake.

Nyumba yetu ni ndogo, ina chumba chetu, sebule na jiko tu. Mama nikamtandikia mkeka wake jikoni, ndipo palipokuwa na nafasi. Na wewe unajua adabu ya kwetu kati ya mkwe na mama mkwe. Mama hamtazami Yeremia usoni wala hamtaji kwa jina. Kwake yeye ni "huyo mwenzio". Yeremia naye, ambaye kwao walimlea kwa ukali, akirudi kazini hukohoa mlangoni, kohoo la makusudi linalosikika mpaka stesheni, ili Mama apate muda wa kuingia jikoni na kurudishia mlango. Anakula sebuleni, Mama anakula jikoni, na mimi na tumbo langu tunakwenda huku na huku na mabakuli. Nilizoea. Hata nilikuwa naona raha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ananiuliza kwa siri kama mwenzake ameshiba.

Siku hiyo nilikwenda Mtendeni kununua sabuni na mafuta kwa Bi Zuwena, yule mama wa Kiarabu mwenye duka, rafiki yangu. Akanichelewesha kwa maneno. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa kwenye mlango wa nyuma, mkono shavuni. Jikoni kulikuwa na harufu ya kuungua, na sakafu imefagiwa vizuri mno.

"Moto wako umekufa," akasema.

Nikadhani ni mitambo imezimwa, huwa inatokea. Lakini giza lilipoanza kuingia, taa za majirani ziliwaka na zetu hazikuwaka. Yeremia alirudi, akakohoa, akaenda barazani kwenye sanduku la umeme, akaona fyuzi imeungua. Akatia mpya. Taa zikawaka. Nilipobonyeza swichi ya jiko, kimya. Akabadilisha swichi akiwa amesimama upande wa sebuleni, ameingiza mkono tu kupita mlangoni huku amegeuza uso. Bado kimya. Sasa iliyobaki ilikuwa kuifungua sahani yenyewe, na hapo ndipo pakawa na mtihani.

"Siingii mle," akaniambia.

"Mama atatoka uani, uingie."

"Ndipo anapolala, Tabitha."

"Nitaukunja mkeka."

"Hata ukiukunja. Siwezi kuingia mahali anapolala mama mkwe wangu. Mama yangu akisikia atanilaani."

Nikamwambia amwite basi mwenzake mmoja wa kazini. Akanitazama kama nimemtukana. Fundi wa mitambo ya umeme aende kuomba atengenezewe jiko la mke wake! Afadhali tule viazi vibichi. Basi nikawa napikia uani kwa kuni, nimepiga magoti na tumbo hili, moshi wote unanifuata mimi. Mama alikuwa ananisukuma pembeni apike yeye, lakini chakula chenyewe akawa halii. Alikuwa anamega tonge moja, anaosha mikono. Siku moja akaniambia kwa lugha yetu, taratibu, "Nimeua moto wa mkwe wangu. Nitakaaje nyumba ambayo nimeua moto wake?" Nikamuuliza ameuaje, akainuka kwenda kuosha vyombo. Ndipo ikaja barua yako, na ile "Ijumaa" yake.

Yeremia alinikuta uani nalia. Nilitaka kumdanganya kuwa ni vitunguu, lakini sikuwa na kitunguu. Nikamweleza yote. Akasema, "Jiko litawaka kabla ya Ijumaa. Na atakayelitengeneza ni Mama mwenyewe." Nikadhani joto limempanda kichwani.

Kesho yake alipotoka kazini aling'oa fyuzi barazani akaitia mfukoni, akanipigapigia ule mfuko nione. Akaweka kigoda sebuleni nyuma ya mlango wa jikoni, akakaa akiupa mlango mgongo. Mlango tukauacha wazi kidogo, kiasi cha kupita sauti. Mimi nikakaa upande wa jikoni, kando ya kizingiti, katikati yao, kwa sababu kuinama juu ya jiko nilikuwa siwezi. Mama nikamkabidhi vyombo vya kazi. Sikujua kama atakubali. Aliitazama bisibisi, akaitazama Biblia yangu iliyokuwa rafuni, akaketi mbele ya jiko.

"Mwambie Mama achukue bisibisi ya mpini mweusi," akasema Yeremia.

"Mama, chukua bisibisi ya mpini mweusi."

"Mimi si kiziwi. Mwambie nimeishika."

"Ameishika."

"Mwambie Mama kuna skrubu pembeni mwa sahani. Azizungushe kuelekea mkono wa kushoto. Asizipoteze."

"Mwambie sijawahi kupoteza hata punje ya mtama."

Tukaenda hivyo. Mimi nilikuwa kama mkalimani wa baraza la Bwana D.C., tofauti ni kwamba hapa wote watatu tulikuwa tunasikia. Mama alifungua skrubu, akaziweka kwenye pindo la kanga, akaiinua ile sahani kwa mikono miwili, pole pole.

"Mwambie Mama atazame mifereji. Waya umekatika?"

"Mwambie umekatika."

"Mahali pamoja?"

Mama akapitisha kidole mferejini. "Mwambie umekatika mahali pamoja. Na pengine pawili haukukatika, ila umelala. Umebonyea."

"Umebonyea vipi?"

"Kama uliokanyagwa."

Nikasikia kigoda kinalia, Yeremia alikuwa anajigeuza.

"Mwambie Mama," akasema kwa sauti ya kunyenyekea, "hizo sehemu tatu, zimekaa pembe tatu? Zimeachana sawasawa?"

Mama akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Kisha akavuta kanga akajifunika kichwa chote, na mimi hapo ndipo nikaelewa. Ee Mungu wangu! Chungu chake kina kitako cha mviringo, hakisimami juu ya kitu kilicho bapa. Alikuwa ametafuta mafiga matatu, akayapanga juu ya sahani ya umeme, akateleka chungu juu yake, akasonga bugali kwa nguvu zake zote kama anavyosonga siku ya watu wengi wa kulima. Mawe yakausaga waya, maji yakamwagika, cheche zikaruka. Ndipo akayatupa mawe, akafagia, akakaa mlangoni akingojea aibu yake.

Nyuma ya mlango nikasikia sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Nilijua ni kicheko. Nikamwomba Mungu Yeremia akimeze.

"Mwambie Mama," alisema kwa shida, "hayo mafiga aliyapata wapi?"

"Mwambie nyuma ya choo," Mama akajibu kutoka ndani ya kanga. "Yalikuwa mazuri, yanalingana."

Hapo Yeremia alishindwa. Alicheka mpaka akakipiga kigoda. Nami nikamwonyesha Mama mkono wa kumtuliza, maana kumcheka mama mkwe ni jambo zito. Lakini Mama akajifunua uso, akasema kwa ukali, "Mwambie babu yake Tabitha alikwenda pwani kwa miguu na pembe ya tembo begani, na kila kambi walipanga mawe matatu, na hakuna aliyelala njaa!"

"Mwambie Mama ni kweli tupu. Mwambie hata mama yangu, chungu kingemkatalia, angepanga mafiga. Mwambie waya haukufa, umekatika tu. Avute ncha mbili polepole, azisokote pamoja kama anavyosokota uzi wa ushanga. Palipolala apainue kwa msumari."

Basi akasokota. Nilikuwa naitazama mikono yake, dada, jinsi inavyotetemeka siku hizi akinywa uji, lakini kwenye ule waya haikutetemeka. Midomo alikuwa ameikaza. Hakuwa tena mtu wa kufunga mizigo. Akaurudisha waya kwenye mifereji, sahani mahali pake, skrubu zikarudi zote kutoka kwenye pindo la kanga, naye akanionyesha pindo tupu ili nishuhudie.

Yeremia akaenda barazani kurudisha fyuzi. Aliporudi nyuma ya mlango akaita, "Bonyeza!" Nikabonyeza. Tukangoja. Waya ukaanza kuwaka, mwekundu hafifu kwanza upande mmoja, kisha ukazunguka wote. Mama akapiga kigelegele kidogo. Ila mahali alipousokota palikuwa pamevimba, na moto ulipopanda, waya ukajiinua kutoka mferejini.

"Huu umeinua kichwa," akasema Mama, akanyoosha kidole ili aurudishe, vile anavyosukuma ukuni ndani.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Mama! Usiguse!"

Mlango ulifunguka kwa kishindo, na Yeremia alikuwa ndani, amemdaka Mama mkono, ameurudisha nyuma, na kwa mkono wa pili amezima swichi. Halafu tukabaki hivyo. Alikuwa amemwita kwa kinywa chake bila kupitia kwangu. Alikuwa amemshika. Akatazama chini, akaona miguu yake na viatu vyake vya kazi vimesimama katikati ya mkeka wa Mama.

Dada, sijawahi kumwona mume wangu vile. Alimwachia mkono kama aliyeungua, akajifunika uso kwa kiwiko, akarudi kinyumenyume kutafuta mlango. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Sasa Mama hataingoja hata hiyo Ijumaa.

"Yeremia," akasema Mama.

Hujawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake, na mimi sijawahi, tangu siku ya harusi.

"Yeremia, unakwenda wapi na waya umeinua kichwa? Njoo uumalize, mwanangu. Mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Akarudi. Alipiga magoti kando ya mkeka, akaenda kwanza kung'oa fyuzi tena maana alikuwa ameisahau, akarudi akapiga magoti upya. Bisibisi ilimponyoka mara mbili. Mama alikuwa amemshikia skrubu kwenye kiganja na kumpa moja moja, wala hawakutazamana, lakini mikono yao ilikuwa inapokezana. Mimi nilikuwa nalia kizingitini kama mjinga, na hakuna aliyenijali.

Jiko linawaka. Limewaka siku zote hizi bila kuchoka.

Usidhani adabu imekufa ndani ya nyumba hii. Mama alisema jambo kama lile haliwezi kupita bure, lazima mkwe atoe faini. Yeremia akakubali, akadhani atadaiwa mbuzi. Mama akasema, "Anitafutie sufuria lenye kitako bapa." Yeremia akalileta siku ya pili, akaliweka kizingitini kwa mikono miwili. Bado anakula sebuleni, na bado anakohoa akirudi, ila siku hizi likisikika kohoo Mama hajifungii, anajibu kutoka jikoni, "Pita, mwanangu, chakula bado." Nilipomsimulia Bi Zuwena, alicheka mpaka akajifutia machozi kwa kitambaa cha dukani alichokuwa anampimia mteja.

Ijumaa ilifika. Treni ya kwenda kwenu ilipiga honi wakati Mama ananikanda mgongo kwa mafuta. Nilijikaza nisimtazame. Aliendelea kukanda, akaniambia mtoto amegeuka vizuri, kichwa kiko chini, na nisilale chali. Usiku ule nililala, dada. Nililala usingizi wa kweli.

Najua maana yake kwako. Najua mvua zikianza utakuwa peke yako shambani na watoto nyuma yako, na Baba hawezi kuinama. Naomba radhi, na naomba unikubalie hivyo hivyo ulivyozoea kunikubalia tangu utoto. Nikipata nguvu nitakuja mwenyewe, mtoto mgongoni, nikusaidie kuvuna.

Nisalimie Baba, umwambie avae lile sweta hata kama anasema halina joto. Nisalimie shemeji mrina asali wetu. Asali yake Mama ameificha, anasema ni ya siku nitakayojifungua. Nisalimie shangazi na mdomo wake, na mjomba wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wa shule ya Jumapili aliyenifundisha kusoma. Wanao uwabusu mashavuni, yule mdogo mara mbili.

Mama amekaa hapa karibu yangu, anachambua mchicha. Nimemuuliza niandike nini kutoka kwake. Amemaliza kwanza fungu lililo mkononi. Kisha amesema nikuambie kwamba jembe lake liko juu ya ghala, upande wa mashariki, limefungwa kwa gunia. Ulishushe, ulinoe, ulilimie wewe msimu huu. Jembe hilo, dada, wewe na mimi hatujawahi kuruhusiwa kulishika.

Ndimi mdogo wako akupendaye,

Tabitha